Picha nzito ndiyo inayochelewesha tovuti

Tovuti ikigoma kufunguka kwenye simu, kabla hujalaumu mtandao kagua picha kwanza. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, na mara nyingi inafika megabaiti 3 au zaidi. Kuipangia upana wa pikseli 800 kwenye CSS (msimbo wa kupanga mwonekano wa ukurasa) hakupunguzi kitu: mgeni bado anapakua faili lote, bando lake linaliwa bure.

Ipunguze kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kabla ya kuipandisha kwenye tovuti. Kata kingo kwanza, kisha shusha upana hadi pikseli 1600 kwa picha ya juu ya ukurasa, 800 kwa zile za ndani ya makala. Kunoa picha kuje mwisho kabisa, maana ukinoa halafu ukapunguza, ule ukali unapotea. Itoe kama JPEG, ubora 75 hadi 80. Ukishuka chini ya 60, angalia anga na mashavu ya watu: utaona viboksi viboksi. Na usihariri JPEG ileile ukiihifadhi tena na tena, kila mara inachakaa. Tunza faili la XCF, yaani faili la kazi la GIMP lenyewe.

Rangi zikipauka ghafla baada ya kupandisha, mara nyingi picha ilikuwa Adobe RGB (mfumo wa rangi wenye wigo mpana) na wasifu wake wa rangi, yaani maelezo ya jinsi ya kuzisoma rangi hizo, ukafutwa njiani. Igeuze iwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, mapema.

Nembo isiyo na mandharinyuma? PNG au SVG. JPEG haibebi uwazi.

Halafu jamani, andikeni width na height (upana na urefu wa picha) kwenye tagi ya img, ile ya HTML inayoweka picha kwenye ukurasa. Bila hivyo maandishi yanaruka picha inapoingia, na mtu anabofya kitufe ambacho hakukikusudia.