Anayekudai Huja Kuchukua Mwenyewe

Nilipowasili Leipzig mwezi wa Oktoba 2024, nilidhani shida yangu ya fedha ingekuwa ni uchache wake tu. Kwa ajili ya viza nilikuwa nimeweka euro 11,904 katika Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa ambayo humtolea mwanafunzi wa kigeni euro 992 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na nilijua hata kabla ya kupanda ndege kwamba nisingeweza kuchota zaidi ya hapo hata ningelia. Kilichonitoa jasho kilikuwa kitu kingine, ambacho Wajerumani hukiita Lastschrift.

Mimi ni mtu wa Morogoro, na nimekua na M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008. Katika malezi hayo fedha haiondoki mpaka mwenyewe uweke namba ya siri. Anayekudai hupiga simu, hukumbusha, pengine hubembeleza, lakini mkono wa kutoa ni wako. Hapa, unaposaini mkataba wa nyumba, wa umeme au wa simu, unaandika namba ya akaunti yako, ile IBAN yenye herufi na tarakimu 22, na kumruhusu mwenye haki yake aje kuchukua mwenyewe siku ikifika. Hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, iwe ina televisheni au haina (mimi sina), kwangu hukatwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, na mara ya kwanza nilipokuta euro 55.08 hazipo nilidhani nimeibiwa.

Dada mmoja wa Kitanzania aliyenitangulia hapa ndiye aliyenieleza kwamba mwenye akaunti ana wiki 8 za kudai arudishiwe fedha iliyokatwa kwa njia hiyo, bila kuulizwa sababu, na miezi 13 ikiwa hakutoa idhini kabisa. Nilifurahi kupita kiasi. Klabu ya mazoezi, ambayo nilikuwa nimeiaga kwa mdomo tu nikaamini yamekwisha, ilipokata ada ya mwezi uliofuata, niliingia katika programu ya benki, nikabonyeza mahali panapohusika, na fedha ikarudi. Baada ya wiki tatu barua ikatua sandukuni: mkataba haukuwa umevunjwa kwa maandishi, kwa hiyo deni lilikuwa palepale, na juu yake iliongezwa gharama waliyotozwa na benki kwa makato yaliyorudishwa. Dada yule hakuwa amenidanganya. Mimi ndiye niliyechanganya kurudishiwa fedha na kufutiwa deni. Nililipa, na safari hii nikaandika barua.

Tangu hapo nina akaunti mbili. Ya kwanza ni ya makato, na humo huacha kodi ya nyumba, bima ya afya na simu, pamoja na akiba kidogo ili siku ya kukatwa isikute salio pungufu. Ya pili ni ya chakula na ya kutuma nyumbani. Hicho kidogo ninachomtumia Mama nimekisogeza kutoka tarehe mosi hadi tarehe 5. Aliponiuliza kwa upole kama nimepunguziwa mshahara, nilimjibu kwamba mshahara bado sina, ila huku mwenye nyumba hupita kwanza.