Kati ya PHP, Perl na ASP: nilivyochagua lugha ya kutunzia tovuti Lamu

Nyumba za wageni za hapa Lamu na Shela nyingi zina tovuti za miaka mingi, na ninachoitiwa zaidi ni kukarabati, si kujenga upya. Kwa hiyo nilipochagua lugha ya programu ya kuishika sawasawa, nilitazama kwanza seva ambayo mteja amekwisha kuilipia. Hostingi ya bei nafuu huja na PHP na MySQL (programu ya databesi) tayari.

ASP ya Microsoft, ya 1996, niliiweka kando mapema. Inataka seva ya Windows, na VBScript, lugha inayoiendesha, Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kuwa itaondolewa.

Perl ilinipa kazi kuamua, maana kwa kuchambua maandishi bado naitegemea: kumbukumbu za seva zenye maelfu ya mistari inazipitia kwa amri moja fupi. Kwenye wavuti, hata hivyo, kila ombi la CGI (njia ya seva kuendesha programu na kurudisha ukurasa) huanzisha programu upya. Faili lazima lipewe ruhusa ya 755 (wote waweze kulisoma na kuliendesha), na likiandikwa kwenye Windows, mstari wa kwanza, unaotaja programu ya kuliendesha, hubeba alama isiyoonekana mwishoni. Seva ya Linux inatafuta programu yenye jina hilo bovu, haiioni, inarudisha kosa 500 (hitilafu ya seva). Moduli ya CGI nayo ilitolewa katika kifurushi cha Perl tangu toleo 5.22 la mwaka 2015.

Nikabaki na PHP, na ninamshauri anayeanza aichukue, mradi asijifunze ile ya kale. Somo lolote lenye mysql_query liache hapo hapo: amri hizo zote zilifutwa katika PHP 7.0. Anza na PDO (njia ya PHP kuzungumza na databesi), tumia prepare na execute, na alichoandika mgeni kwenye fomu usikibandike ndani ya SQL, yaani amri za databesi. Nywila zipitishe kwenye password_hash, inayozificha zisisomeke, na uziwekee safu ya VARCHAR(255). Majedwali yawe utf8mb4 (mfumo wa kuhifadhi herufi), kwa sababu utf8 ya zamani ya MySQL mara nyingi huishia baiti 3 kwa herufi, na emoji inahitaji 4.

Mazoezi hayahitaji intaneti: amri php -S localhost:8000, inayoifanya kompyuta yako kuwa seva, inatosha. Ukikutana na kosa la "headers already sent", tafuta nafasi au mstari mtupu kabla ya <?php, au alama ya BOM (baiti zisizoonekana mwanzoni mwa faili) iliyoachwa na Notepad ya zamani. Hifadhi UTF-8 bila BOM, na faili lenye PHP pekee usilifunge kwa ?>.

Malipo ya M-Pesa ndiyo huwasumbua wengi. Jibu la malipo huja kwa POST likiwa JSON (maandishi ya data yenye mpangilio wake), hivyo $_POST, ambamo PHP huweka data za fomu, inakuwa tupu ingawa jibu limefika. Lisome kwa file_get_contents('php://input'), kisha json_decode. ResultCode ikiwa 0, mteja amelipa. Ikiwa nyingine yoyote, chumba kisithibitishwe. CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi la malipo) iwekee kizuizi cha kutorudiwa kwenye jedwali, jibu lisihesabiwe mara mbili. Namba ya simu iwe 254… bila alama ya kujumlisha. Na localhost haifikiwi kutoka nje, kwa hiyo jaribio hili lifanyie kwenye seva yenye HTTPS.

Tovuti ya PHP 5.6 nikiihamishia 8, huchukua nakala ya mafaili na databesi, nikaiweka kwenye kikoa kidogo cha majaribio, nikawasha E_ALL (makosa yote yaripotiwe), kisha nikatafuta amri za kale each( na create_function, zote zilizofutwa katika 8.0. Tovuti halisi naibadilisha toleo pale tu faili la makosa linapobaki tupu baada ya kupitia kila ukurasa na kila fomu.