Nilikuwa nauza laki kwa siku na mtaji ukakata

Juzi kuna dada kanifuata inboksi, "kaka nina laki nane nataka nifungue kibanda cha chips, nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, naandika nafuta, naandika nafuta, nikaona hii bora niiweke hapa maana sio yeye wa kwanza kuniuliza na mimi nimechoka kurudia kuvoisi.

Kwanza nikiri, kibanda changu cha kwanza kilikufa. Kilidumu miezi mitano, na cha ajabu watu wa mtaa mzima walikuwa wananiona nimetusua. Foleni kila jioni, moshi unapanda, dogo anakaanga hapumziki, mi nakusanya hela tu. Nilikuwa napiga sahani 50 kwa siku, zege (chips mayai) moja 2,000, yani laki moja kamili kila siku ya Mungu. Hata mama alikuwa anaringa kwa mashosti zake. Mwezi wa tano nikakosa hela ya trei la mayai.

Nilianza na 850,000, hela niliyolipwa nilivyopunguzwa kazi ghalani. Ilivyoenda: kabati la kioo jipya kabisa 280,000 (mjinga mimi, makabati ya mkononi yamejaa mjini, kila anayefunga kibanda anauza lake, na mimi langu nililiuza baadae kwa 110,000), jiko la mkaa la chuma, karai, frampeni mbili, meza, viti vya plastiki sita, mwamvuli, na fundi wa kupaka rangi na kuandika jina, maana nilitaka jina bwana. Jumla 640,000. Nikabaki na 210,000 ya kununulia mzigo. Na mzigo wa siku moja ulikuwa 90,000. Kwahiyo ukitazama vizuri nilifungua biashara nikiwa na pumzi ya siku mbili, ikinyesha mvua siku tatu mfululizo nimekwisha. Dada yangu wa inboksi, kama una laki nane basi vyombo visivuke laki nne, na jina andika kwa chaki, wateja wa chips hawafuati jina wanafuata harufu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Bei ya 2,000 niliitoa wapi? Kwa jirani. Mzee mmoja yupo kona ya pili ana miaka kibao kwenye hiyo kazi, anauza zege 2,000, na mimi nikaweka 2,000, basi. Sikukaa chini hata siku moja kuuliza sahani moja inanitoka shilingi ngapi. Nilikuja kupiga hiyo hesabu nikiwa nimeshafunga, usiku, nimekosa usingizi, nyuma ya karatasi ya risiti ya luku. Iko hivi, nahesabu zote kama zege maana chips kavu zilikuwa chache:

Ndoo ya viazi 14,000 inatoa sahani 25, kwahiyo viazi vya sahani moja ni 560. Mayai mawili, trei ya mayai 30 nilikuwa nachukua 9,000, hapo 600. Mafuta nilikuwa namaliza lita tatu kwa siku, 15,000, gawa kwa 50 unapata 300. Mkaa 8,000 kwa siku, ni 160. Kachumbari, tomato, chumvi, vijiti, vifungashio (tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 kifungashio ni gharama ambayo watu wengi hawaihesabu kabisa) vyote 180. Mpaka hapo 1,800. Dogo nilikuwa namlipa 8,000 kwa siku, 160. Pango la eneo 60,000 kwa mwezi, yani 2,000 kwa siku, 40.

Jumlisha. 2,000.

Niliirudia hiyo hesabu mara nne jamani. Miezi mitano nimesimama kwenye moshi, macho mekundu, nguo zinanuka mafuta mpaka kwenye daladala watu wanageuka, nikiuza kitu cha 2,000 kwa 2,000. Na hapo sijahesabu sahani mbili nilizokuwa nakula mwenyewe kila siku, soda, vocha, na ile "nichukulie elfu tano kwenye droo nitarudisha." Hivyo vyote vilikuwa vinatoka kwenye mtaji, na kwa vile kila jioni nashika laki mkononi sikuwa nahisi kitu. Laki inadanganya sana bwana.

Swali likabaki, yule mzee anaishije? Nikamfuata, nikamsalimia shikamoo, nikamweleza bila kuficha. Akacheka kidogo, akaniambia "mwanangu, wewe viazi unanunua kwa ndoo?" Yeye anaenda sokoni alfajiri anachukua gunia, 70,000, lumbesa lile (ndio, lumbesa ni marufuku, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini kafike sokoni ujionee), linamtolea ndoo saba. Ndoo yake ni 10,000, yangu 14,000. Kwa ndoo mbili za siku anabaki na 8,000 ambayo mimi nilikuwa nampa muuza genge. Alafu hana kijana, anakaanga na mkewe. Alafu tazama pembeni ya kabati lake, friji la soda, kreti tatu kwa siku na kila kreti ya chupa 24 inamwachia kama elfu tatu. Na mishkaki, ambayo kilo moja ya nyama ukiikata kwa akili inatoa vijiti 35 vya miatano. Yani zege kwake ni la kumfanya mtu akae, na mtu akishakaa ataona kiu. Mi nilikuwa nauza zege peke yake, mteja anakula anaenda kunywa soda dukani kwa mangi.

Kwahiyo unapoiga bei ya mtu jua unaiga namba ya mwisho tu, huko ilikopitia hujui.

Nilivyorudi mara ya pili niliweka 2,500. Wiki ya kwanza roho iliniuma, nilitoka sahani 50 mpaka 31, watu wananiambia "kaka umepandisha sana" wanavuka barabara mbele yangu. Dogo akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini usiku napiga hesabu: kila sahani inaniachia 700 kabla ya dogo na pango, mara 31 ni 21,700, toa 10,000 ya dogo na pango, nimebaki na 11,700. Kwa sahani 50 nilikuwa nabaki na sifuri. Nimemenya viazi vichache, nimechoma mkaa mchache, na nina hela. Sisemi kila mtu apandishe bei, ukiwa kwenye eneo la wanafunzi 2,500 hawaiwezi utakaa na kabati limejaa mpaka chips zikauke kama kuni, ila angalau ujue sahani yako inakula ngapi kabla hujaandika bei.

Jambo la droo nililimaliza kwa laini mbili za simu. Lipa namba ipo kwenye laini ya biashara, PIN yake naijua lakini nimejiwekea kwamba inatoa hela ya mzigo tu. Mimi najilipa 7,000 kila siku inaingia kwenye laini yangu, ikiisha saa nne asubuhi imeisha, nakaa hivyo hivyo. Mwanzoni nilijiona mpuuzi kujilipa mshahara kwenye kibanda, sasa hivi ndio kitu siwezi kuacha. Na nikila zege langu nalipa, sio 2,500, nalipa 1,800, dogo anacheka mpaka leo.

Madeni sitaongea sana. Nilikuwa na daftari la "niandikie", na kuna mmoja alifikisha 94,000 kisha akahama mtaa usiku. Ni sahani ngapi hizo za kufidia? Kwa faida ya 700, zaidi ya sahani 130. Sasa hivi mtu akiniambia niandikie namwambia peni imeisha wino.

Lakini kilichonimaliza kabisa safari ya kwanza ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Mwezi wa nne mtaji umeshaanza kukata, nikadhani shida yangu ni mtaji mdogo, nikachukua 300,000, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Piga mwenyewe, 390,000. Wanakuja na pikipiki saa kumi na moja jioni, mteja anakula, wao wamesimama na kitabu. Hebu linganisha: hata leo, kwa bei mpya, faida yangu ilianzia 11,700 kwa siku. Rejesho lilikuwa 13,000. Na wakati ule faida ilikuwa sifuri, kwahiyo nilikuwa nachukua hela yao wenyewe nawarudishia kidogo kidogo mpaka ikaisha, alafu nikaanza kuwapa viti vya plastiki. Mkopo ukiuweka kwenye biashara isiyobakiza kitu unaongeza kasi ya kufa tu. Ukiwa lazima ukope, ulizia ofisi ya kata ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba ila mnakwenda kama kikundi na inataka uvumilivu wa kufuatilia, na kikundi chagua watu usije ukalipa deni la shemeji yako.

Karatasi: TIN ya TRA, namba ya mlipa kodi, ni bure, usimpe mtu hela ya "kukusaidia." Kupima afya wewe na kijana wako kila baada ya miezi sita, bwana afya huwa hapigi hodi. Na tunza daftari la mauzo hata kama mwandiko mbaya, maana siku ya kukadiriwa kodi usipokuwa na kumbukumbu watakadiria kwa macho, na kwa macho kibanda chenye foleni kinaonekana tajiri.

Sasa hivi nina kibanda kimoja tu, friji la mkononi, kreti mbili za soda kwa siku, viazi nagawana gunia na muuza chips mwingine wa mtaa wa nyuma kwa sababu gunia zima viazi vinaanza kuota kabla sijavimaliza. Ila wiki iliyopita dumu la mafuta limepanda, nimepiga hesabu yangu tena, sahani imeongezeka shilingi 70. Bei ya 2,600 haiuziki, chenji ya mia nne utaitoa wapi saa mbili usiku, dogo atashinda anakimbia kwa mangi. Kwahiyo nimepunguza kiazi kidogo sana, kidogo mno, nikasema hakuna atakayejua. Jana kuna mteja wangu wa kila siku, kaletewa sahani, kaizungusha, kaiinua usawa wa macho, akanitazama, hajasema kitu.