Njiwa wa Baba

Mama alipomaliza eda, jambo la kwanza alilotaka ni mashairi ya Baba yachapwe. La pili, yale ya njiwa yasitiwe.

Yalikuwa tisa, ya mwaka 1974, yote yametoka kwenye ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo. Nilikuwa nimeshayapiga chapa kazini, saa za chakula, na palikuwa na mahali kila nikifika nahisi kama Mama amesimama nyuma ya kiti:

Njiwa katoka tunduni, kwa jirani ametua,
Kajifunga kiunoni, leso niliyonunua.

Hata mtoto wa chuoni angejua njiwa huyu hana manyoya.

Lakini nami nilikuwa na langu. Tisa hayo yalikuwa nusu tu. Baba alikuwa akijibizana na mwenzake, na majibu hatukuwa nayo. Mara "umenituhumu," mara "wauliza mtama wake," na aliyetuhumu na kuuliza hayumo. Basi Jumamosi moja mwaka 2009 nikavuka feri kwenda Likoni kumtafuta hasimu wa Baba. Hasimu nasema kwa mazoea ya nyumbani. Siku ya maziko yeye ndiye aliyeshika jeneza mbele, akakataa kupokewa mpaka makaburini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umekuja kudai deni la babako?"

Akatoa bati la biskuti. Ndani mna vipande vya gazeti vilivyobandikwa kwa gundi ya unga kwenye daftari, mende wamekula pembe. Nikaanza kuvilinganisha na vya Baba: vina vilevile, ni na ua, mizani kumi na sita, jibu kwa jibu kama meno ya zipu. Na mstari mmoja ukanisimamisha:

Ana mawe ya tumboni, kila mwezi nanunua.

Nikauliza njiwa gani anayelishwa mawe. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Redio, mwanangu! Babako aliniazima redio mwezi wa Ramadhani, nikakaa nayo mwaka mzima. Mawe, betri hizo, nanunua mimi, yeye ananitangaza mwizi nchi nzima."

"Na leso?"

"Aliifungia redio isiingie vumbi." Akafunika bati. "Majibu yangu yatie, lakini. Muyaka bila ya hasimu wake wa mashairi, Zahidi Mngumi wa Lamu, ni mtu anayegombana na ukuta."

Kwenye feri nilirudi mwepesi. Nilimfikiria huyo mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuzinukuu kwa hati za Kiarabu, akifanya kazi na Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Diwani yenyewe ilichapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 1940, chini ya uhariri wa Hichens. Miaka mia, nchi ya mbali, na kazi ya watu ambao msomaji wa leo hawakumbuki. Mimi kuvuka Likoni kulikuwa na taabu gani? Nilijiona Sikujua mdogo, na zaidi ya hapo nilikuwa nimemsafisha Baba.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye uteo. Nikamsimulia yote kwa furaha, Ramadhani, mawe, vumbi. Alinisikiliza bila ya kuinua kichwa, kidole kikisukuma chuya pembeni, moja moja.

"Redio ile naikumbuka," akasema. "Ilikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, kina maua pembeni. Nilikifuma mwenyewe nikiwa na mimba yako. Ilitoka hapa imevaa kitambaa hicho, na ikarudi nacho."

Nikanyamaza.

"Leso hiyo iliandikwaje?"

"Hakunambia."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza, Mama."

Akapepeta uteo mara mbili, akapuliza makapi.

"Yatie," akasema. "Yote tisa. Na majibu yake mule mule, yafuatane." Kisha akaniambia nimletee maji ya kuoshea mchele.