Mimi sinunui, mwanangu, mimi nachoma

Kusi ikikaza hapa Tanga, wavuvi hupunguza safari na sisi wa hospitali hufunga madirisha. Tanuri letu la kuchomea taka liko upande wa kusini, kwa hiyo moshi hupanda moja kwa moja hadi wodi ya wazazi. Siku moja sista kiongozi alipiga simu stoo mara tatu kabla ya saa nne.

"Dada Ugavi, hebu mwambieni yule mzee asichome asubuhi. Wazazi wangu wanakohoa huku."

Stoo haihusiki na moto, lakini ndiyo simu pekee inayopokelewa. Nikateremka. Nilikuwa na miaka tisa ya ununuzi katika hospitali hiyo ya serikali (jina nalihifadhi, nina ada za watoto za kulipa) na sikuwahi kukanyaga tanurini hata siku moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunisema?"

Nilikuwa nimekuja kumsema, kweli. Hakungoja. Alichukua reki akavuta majivu hadi miguuni pangu: mirija ya dripu iliyoyeyuka nusu, vibakuli vya plastiki vyenye umbo la figo, aproni zilizogandana kama chapati za juzi. Akanisomesha moshi. Mweusi mzito ni aproni na mifuko. Unaouma macho ni mirija na mifuko ya mkojo. "Mimi sinunui, mwanangu," akasema. "Mimi nachoma unacholeta."

Mirija ile ni ya PVC, plastiki yenye klorini ndani yake. Ikiungua kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu inayokaa ardhini na mwilini kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linataka tanuri la taka za hospitali lifikie nyuzi joto 850 hadi 1,100. La kwetu ni la matofali, na kipimajoto chake ni macho ya mzee.

Nilirudi stoo nikatoa oda za miaka mitatu iliyopita. Pacha mtupu! Kila mwaka nilichukua orodha ya mwaka uliopita, nikabadilisha idadi, nikapeleka. Watu wakisikia ununuzi wa umma hudhani mambo yote huamuliwa siku ya kufungua zabuni. Siku hiyo mambo yameshaisha. Mzabuni hupimwa kwa vigezo vilivyotangazwa tu; ukiwa hukuandika kwamba kibakuli kiwe cha chuma, anayeleta cha plastiki kwa bei ya chini amekushinda kihalali, na ukimkataa utajibu rufaa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazungumzia thamani ya fedha, si bei ndogo peke yake, lakini thamani hiyo lazima mtu aiandike. Mtu huyo ni mimi.

Jambo lililonitia aibu zaidi lilikuwa rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku, na mlinzi wetu getini alikuwa akiwahamishia wageni ndizi na chupa za uji kutoka kwenye rambo zao. Marufuku hiyo iliiacha mifuko ya huduma za afya na ya taka, kwa sababu za maana kabisa. Sasa mimi, kwa ruhusa hiyohiyo, nilikuwa na marobota stoo na nilikuwa nikiyagawa bila kuuliza yanakwenda kubeba nini. Yalikuwa yanabeba maboksi makavu na maganda ya machungwa hadi tanurini. Takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida, si za hatari. Zikishachanganyika na pamba yenye damu, zote huwa za hatari. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichoandika upya kilikuwa ndoo za taka: za rangi tofauti, zenye vifuniko vya kukanyaga, za kutosha kila wodi. Moshi ulipungua kabla sijagusa kitu kingine.

Kisha vibakuli vya chuma. Bei yake iliwashtua watu kikaoni, mpaka nilipojumlisha tulichokuwa tunalipa kwa vya plastiki mwaka mzima. Vilikuja, vikang'aa, halafu mashine ya kutakasia kwa mvuke ikafa na fundi akachukua wiki tano. Tukarudi kwenye plastiki, na mhasibu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Siku hizi sinunui chuma bila kuuliza kwanza mashine ina mkataba wa matengenezo au haina.

Magauni ya upasuaji ya kitambaa yamekwenda vizuri zaidi. Sheria inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, na kikundi cha kina mama cha Ngamiani kinashona gauni linalostahimili kufuliwa kuliko lile tulilokuwa tukiletewa. Maji yakikatika, dobi wetu hunichukia.

Sindano sikuzigusa. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, na hapo sitaki kusikia habari ya kuokoa plastiki.

Nimeacha zebaki mwisho kwa sababu bado inaniuma. Katika orodha zangu pacha kulikuwa na mstari "mashine ya presha, ya zebaki". Mashine moja ya namna hiyo huweza kuwa na gramu 80 hadi 100 za zebaki. Kipimajoto cha mdomoni kina kama gramu 1. Mashine moja ilianguka wodini. Dada wa usafi alizifagia zile shanga za zebaki, akacheka zinavyokimbia, akazitia kwenye mfuko wa njano. Mfuko ukashuka kwa mzee, na zebaki motoni hugeuka mvuke. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikuwa umeweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vifaa hivyo. Mimi mwaka huo bado nilikuwa nakopi.

Sasa tunanunua za kidijitali na za mshale. Zile nne zilizobaki zimo kwenye kabati langu, wima, ndani ya beseni, na kufuli nimeiweka mimi. Kila 30 Juni tunapohesabu mali huja mkaguzi, kijana, akasoma leja na kuuliza kwa nini vitu visivyotumika havijaondolewa. Nikamwambia aondoe yeye, ila abebe polepole, na asipite njia ya tanurini.