Mwaka wa Kuhitimu

Agosti inaisha. Kwa daktari aliyesomea nje ya Marekani na anayetaka residensi kule, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, hizi ndizo wiki za kukaa na faili mezani, maana maombi ya ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kuombea residensi, hutumwa Septemba, na wakurugenzi wa programu za mafunzo hayo huanza kuyafungua mwishoni mwa mwezi huohuo. Ninaowafikiria usiku huu ni wale waliokwisha kufanya kazi miaka kumi, kumi na tano, wenye watoto shuleni na nywele zilizoanza mvi. Wengi wao huzungumzia umri. Mimi naona kizuizi kiko mahali pengine.

Hakuna programu inayotakiwa kukuuliza una miaka mingapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1967 inamlinda mwombaji wa kazi mwenye miaka 40 na zaidi asibaguliwe kwa umri wake. Kinachosomwa ni mwaka uliohitimu chuo cha udaktari, na mwaka huo kompyuta inaweza kuuchuja kabla mtu yeyote hajaliona jina lako. Programu nyingi huweka kikomo cha miaka mitano tangu kuhitimu, baadhi mitatu, nyingine kumi, na zipo zisizoweka kikomo kabisa. Aliyehitimu miaka kumi na minane iliyopita akituma maombi mia mbili bila kuchunguza vikomo hivyo, pesa nyingi zinaishia kwenye chujio. Afadhali kukaa wiki mbili na FREIDA, kanzidata ya programu za residensi, pamoja na tovuti ya kila programu, halafu kujenga jedwali lenye safu nne tu: kikomo cha miaka, viza inayokubaliwa, idadi ya majaribio ya mitihani inayovumiliwa, na kama inadai uzoefu wa kliniki wa Marekani. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna kazi nyingine kwenye maombi haya inayookoa pesa kiasi hicho.

Ukisoma masharti hayo kwa utulivu utakuta sentensi ndogo inayojirudia: miaka mitano tangu kuhitimu "au tangu kuacha kuhudumia wagonjwa". Hiyo "au" ndiyo mlango wa daktari mzoefu. Wasiwasi wa mkurugenzi ni kwamba amchukue mtu ambaye mikono imesahau, halafu Julai 1, residensi inapoanza, ampe wodi usiku. Kwa hiyo kila karatasi utakayotuma inapaswa kujibu swali moja: mara ya mwisho ulimhudumia mgonjwa lini, na ni nani aliyekuona?

Ndiyo maana nasema leseni ya nyumbani isife. Tangu mtihani wa vitendo wa Step 2 CS ufutwe rasmi Januari 2021, ECFMG, shirika la Marekani linalowathibitisha madaktari waliosomea nje, hupima ujuzi wa kliniki na mawasiliano kupitia njia zinazoitwa Pathways. Pathway 1 ni ya daktari mwenye leseni ya kufanya kazi bila usimamizi katika nchi nyingine, na leseni hiyo lazima iwe hai au ya karibuni, kufuatana na tarehe inayotajwa kila msimu. Aliyeacha kulipia leseni kwa sababu "naondoka hata hivyo" amejifungia njia iliyo nyepesi kuliko zote kwake. Pamoja na Pathway huja mtihani wa Kiingereza wa OET Medicine: 350 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 300 katika kuandika, zote kwa kikao kimoja. Kinachowaangusha wengi ni ile barua ya rufaa katika sehemu ya kuandika. Daktari aliyezoea kuandika mistari mitatu kwenye faili hujikuta akinakili kila kitu alichopewa, na humo ndimo alama zinamopotea. Barua inataka yale tu ambayo anayempokea mgonjwa anayahitaji.

Hati za zamani zina matatizo yake. Diploma huhakikiwa moja kwa moja na chuo kilichoitoa, si kwa nakala uliyonayo. Kwa aliyehitimu zamani, chuo kinaweza kuwa kimebadili jina, masijala imehama jengo, na barua pepe ya kitengo husika imekufa. Jina la ndoa kwenye pasipoti na jina la ujana kwenye diploma yatadai hati ya kisheria inayoyaunganisha. Anza uhakiki huu miezi tisa au kumi kabla ya Septemba, na umpate mtu wa kwenda dirishani kwa miguu yake. Foleni ya masijala haiendi kwa barua pepe.

Mitihani ya leseni ya Marekani sasa. Step 1, ya sayansi za msingi, tangu Januari 26, 2022 hutoa jibu la kufaulu au kutofaulu tu, kwa hiyo namba kuu inayobaki kulinganishwa ni ya Step 2 CK, ya maarifa ya kliniki. Kiwango cha kufaulu kilipandishwa hadi 218 Julai 2025, lakini mwenye mwaka wa kuhitimu wa zamani asilenge kufaulu tu. Anahitaji namba inayokipita kiwango hicho kwa mbali, kwa sababu ndiyo inayomjibu anayedhani maarifa yamechakaa. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili kuongeza alama. Ukifeli, jaribio hilo linabaki kwenye transkripti daima, na kila hatua ina majaribio manne tu. Muda wa kufanya mtihani ni dirisha la miezi mitatu, na linaweza kuongezwa mara moja kwa ada. Ongeza. Ada ile inauma kidogo tu, na jaribio lililofeli utaulizwa kila msimu. Kuna pia kanuni ya miaka saba: ukifaulu mtihani mmoja kati ya hiyo miwili, wa pili lazima ufuate ndani ya miaka saba ili upate cheti cha ECFMG. Kuna watu waliofaulu Step 1 zamani, wakaingia kwenye maisha, wakarudi na kukuta saa imeshapita.

Kuhusu kusoma kwenyewe, daktari mzoefu hukosa maswali ambayo mwanafunzi hayakosi. Chukua hili: mwanamke wa miaka 27, maumivu chini ya tumbo upande mmoja, kipimo cha mimba chanya, presha 118/76. Aliyefanya kazi miaka mingi usiku bila ultrasaundi atawaza chumba cha upasuaji, na huko alikokuwa aliokoa maisha kwa kuwaza hivyo. Mtihani unataka ultrasaundi ya kupitia ukeni, kwa kuwa presha imesimama na kuna muda wa kuthibitisha. Presha ikiwa 80/50 na tumbo limekakamaa, hapo upasuaji ndio jibu. Swali linapima kama unajua hatua inayofuata mahali ambapo vifaa vyote vipo na mgonjwa ametulia. Kwa hiyo kila swali ulilokosa liandikie sababu yake: sikujua, nilisoma haraka, au nilijibu kwa mazoea ya wodini. Kwa wakongwe, ile ya tatu ndiyo hujaa daftari, na haiondoki kwa kusoma kitabu upya. Huondoka kwa maswali mengi yenye maelezo, saa ikikimbia.

Barua za mapendekezo ndipo ninapotamani watu wangetumia nguvu zaidi. Kila programu hupokea zisizozidi nne. Barua ya profesa wako wa mwaka 2006, hata kama ni mtu mashuhuri, inamkumbusha msomaji kwamba 2006 ni zamani. Inayofaa ni ya daktari anayefanya kazi Marekani aliyekuona mwaka huu ukiwa na wagonjwa, katika fani unayoiomba. Na barua moja kwa barua nyingine zina tofauti kubwa. Ya kwanza husema: "Ni mchapakazi, ana heshima, anapenda kujifunza." Ya pili husema: "Siku ya nne aliwasilisha mgonjwa wa moyo kwa dakika tatu, akataja kwamba potasiamu imepanda tangu dawa ibadilishwe, na ndiye aliyeona kwanza." Ya pili inaweza kuandikwa tu kama ulimpa mwandishi kitu cha kuona, na ukamwomba barua wiki ileile, si miezi sita baadaye. Mwisho wa zamu mpelekee ukurasa mmoja wenye wagonjwa wawili watatu mliowajadili, bila majina yao. Na utie alama kwamba umeachia haki ya kuisoma barua. Barua inayosomwa na aliyeandikiwa haiaminiki sana.

Zamu za uangalizi tu, ambako hugusi mgonjwa, zina thamani ndogo kuliko zile za kushika kazi, lakini ndizo nyingi zinazopatikana kwa aliyekwisha kuhitimu. Huko mtihani mkubwa ni tabia. Ulikuwa daktari mfawidhi, sasa unasimama nyuma ya daktari wa residensi wa miaka 28 na kumwita daktari. Kwenye usaili swali hili litakuja kwa adabu: unaonaje kuongozwa na mtu mdogo kwako? Jibu la "sina tatizo" halitoshi. Jibu linalosadikika hutaja mara moja uliposahihishwa na mdogo wako, ulichokosea, na ulichobadilisha.

Kwenye fomu yenyewe ERAS inaruhusu uzoefu usiozidi kumi, na mitatu kati yake uichague kuwa yenye maana zaidi. Hapo mkongwe hujibana vibaya. Mstari wa "daktari, hospitali ya wilaya, kuhudumia wagonjwa" haumwambii msomaji chochote. Andika vitanda vingapi, zamu ngapi za usiku kwa mwezi, ni magonjwa gani uliyamudu bila msaada. Pengo la mwaka mmoja la kulea au kuuguza mzazi litaje kwa sentensi moja iliyonyooka. Pengo lisiloelezwa ndilo linalotisha.

Fani nazo zina milango tofauti. Magonjwa ya ndani, tiba ya familia, watoto, magonjwa ya akili na patholojia huwapokea wahitimu wa nje zaidi kuliko upasuaji au ngozi. Jihadhari na nafasi za mwaka mmoja tu, hasa za upasuaji: zinakupa mshahara na jina, lakini mwaka ukiisha hazikupeleki kwenye ubingwa.

Viza niiguse kwa ufupi. J-1 ndiyo ya wengi, na inahitaji barua ya wizara ya afya ya nchi yako inayosema fani hiyo inahitajika nyumbani. Ukimaliza unarudi miaka miwili, au unatafuta msamaha kwa kufanya kazi kwenye maeneo yenye upungufu wa madaktari. H-1B, viza ya kazi, inadai uwe umefaulu mapema Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni, na tangu tangazo la Septemba 2025 la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, usiipange bila kuiuliza programu waziwazi. Kitu kinachosahaulika na wenye familia: viza ya mtoto anayekufuata hukoma akitimiza miaka 21. Mwenye binti wa miaka 18 apige hesabu hiyo kwanza.

Takwimu za NRMP, shirika linalowaoanisha waombaji na programu, zinasema kati ya wahitimu wa nje wasio raia wa Marekani, waliopata nafasi walikuwa asilimia 58.5 mwaka 2024 na 58.0 mwaka 2025. Hizo ni za wote kwa pamoja, vijana na wakongwe, kwa hiyo mkongwe asizichukue kama zake.

Baada ya usaili, mwombaji huorodhesha programu anazozitaka, nazo huorodhesha waombaji, kisha mfumo wa kompyuta huwaoanisha. Orodha hiyo hufungwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Panga kwa unavyopenda kweli. Mfumo huanza na matakwa ya mwombaji, na kujaribu kukisia nani anakutaka hakukusaidii lolote. Weka kila programu iliyokusaili ambayo ungekubali kwenda. Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi huja barua pepe ya kusema umepata au hukupata, na jina la programu husubiri Ijumaa. Asiyepata huingia SOAP, mzunguko wa kugombea nafasi zilizobaki, siku hiyohiyo, maombi yasiyozidi 45, na hairuhusiwi kupiga simu programu kabla haijakupigia. Maelezo binafsi ya fani ya pili yawe yameandikwa Februari, maana Jumatatu ile hakuna anayeandika vizuri.

Kwa anayerudia msimu, programu zilezile zitaliona faili jipya. Mkurugenzi ataangalia kilichoongezeka tangu Machi: Step 3, miezi mitatu ya kliniki, barua mpya yenye tarehe ya mwaka huu.