Bunduki za mchezo wa Engare Nanyuki: tumefika kwenye rangi

Useremala umekwisha. Bunduki za mbao za askari wetu zimepigwa msasa, zimekauka, na sasa zinangoja rangi. Rangi ndiyo imeleta mjadala kuliko kazi yote iliyotangulia.

Kwa aliyejiunga leo: mchezo wetu wa kuigiza unahusu Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa moto, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, akayafikisha malalamiko Umoja wa Mataifa. Huwezi kuigiza siku ile bila askari wenye bunduki.

Nimechonga mabaki ya mgrivea niliyopewa na fundi samani wa Ngarenaro, nikifuata umbo la Lee-Enfield, bunduki ya kijeshi ya Waingereza, urefu kama sentimita 113. Nimeipenda kwa sababu mbao yake inafunika mtutu karibu mpaka mwisho, kwa hiyo sehemu ya kuigiza chuma ni ndogo. Komeo la mlango lililokatwa limekuwa bolti, yaani chuma kinachovutwa kupakia risasi: ukilivuta linalia "kacha!" na mazoezini watu wanageuka. Mtutu ni mti mtupu, hauna tundu hata la sindano.

Ubishi ulianzia kwenye bastola. Kijana anayeigiza ofisa Mzungu ana shemeji Uingereza aliye tayari kumtumia ya easofti, zile zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6. Inauzwa ikiwa imepakwa buluu nusu nzima, ili ijulikane si ya kweli.

"Fundi, wewe unaipaka nyeusi tu, basi."

"Mdogo wangu, hiyo 'tu' ndiyo yenye kesi."

Nikamweleza. Huko kwa shemeji, sheria ya mwaka 2006 haimkamati mtu kwa sababu tu anayo bunduki bandia ndani kwake. Kosa ni kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini bandia inayofanana na ya kweli, na pia kuichukua ya rangi na kuigeuza ifanane na ya kweli. Mtu anaweza kuwa na bastola yake ya buluu bila shida, akashika kopo la rangi nyeusi, na hapo hapo akawa mkosaji. Makumbusho, tamthilia na filamu zina kinga yake, na tangu 2007 wanaocheza easofti kwenye mapambano yaliyopangwa nao wanayo. Kinga hiyo ni ya kwao. Haipandi ndege kuja Arusha.

Hapa kwetu silaha ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wa kuulizwa ni polisi, tena kabla mzigo haujatumwa. Sitaki kikundi cha vijana kianze kujieleza forodhani.

Lakini hata sheria ingeruhusu, mimi nisingeipaka. Marekani inataka bandia za namna hii ziwe na alama ya chungwa mdomoni, angalau milimita 6. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa anachezea bandia ya easofti iliyoondolewa alama hiyo. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari kusimama. Nimewasomea waigizaji habari hiyo yote, na wadogo wetu wanaocheza watoto wa kijijini walikuwepo. Alama ile ni kwa ajili ya mtu wa mbali asiyekujua na asiye na muda wa kukuuliza. Anayeifuta kwa ajili ya urembo hajui atakayelipa ni nani.

Kwa hiyo bastola hakuna. Ofisa atavaa mfuko wa ngozi kiunoni, umefungwa, na kinachochungulia ni kipini cha mbao nilichokipaka vanishi. Tumejaribu mazoezini: akiweka tu mkono pale, ukumbi unaelewa. Yeye mwenyewe sasa anaupenda, anasema unampa kitu cha kufanya na mkono.

Bunduki za askari zinapata vanishi ya kahawia kwenye mbao, kijivu kwenye komeo, na chungwa kali mdomoni, upana wa vidole vitatu. Mwongozaji alilalamika kwamba chungwa litaua tukio la kuchoma nyumba, na ni kweli, chini ya taa linawaka. Nimemshonea vifuniko vya kitambaa cheusi, kama soksi fupi, vyenye lastiki. Vinavaliwa nyuma ya pazia, vinavuliwa kabla mtu hajatoka ukumbini, na anayesimamia vifaa anavihesabu vyote. Mtaani, kwenye bodaboda, kwenye daladala, chungwa linaonekana. Na hata hivyo bunduki zinasafiri ndani ya sanduku.

Barua ya kuwajulisha polisi na mtendaji wa kata imeandikwa, ina picha za kila bunduki na tarehe za mazoezi. Bado mikanda ya begani. Nimepata turubai kuukuu ya kijani, ila bizimu za shaba za kufungia mikanda zinanisumbua. Mwenye kujua zinapopatikana hapa mjini kwa bei nzuri aniambie.